Futari ya Asiyefunga

Baba alirudishwa kwetu kwa mkokoteni. Nasema alirudishwa kwa sababu hakurudi mwenyewe. Mwanamke aliyeishi naye Majengo kwa miaka sita alikodi wachukuzi wawili wa Marikiti, wakamlaza juu ya godoro lake, wakamfunika turubai kwa ajili ya mvua, wakamsukuma mpaka mlangoni kwetu Kibokoni mchana kweupe, watu wa barazani wakitazama. Juu ya miguu yake walikuwa wameweka kikapu cha nguo na redio. Mchukuzi mmoja alibisha hodi, akauliza, "Huyu ni wenu?"

Mama alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyefungua. Baba alinitazama kwa jicho moja, lile jingine limelegea, na mdomo wake umekwenda upande. Nilitaka sana kusema kwamba si wetu. Mwenye nyumba wetu, bibi mjane wa ukoo wa Kiarabu aliyeishi vyumba vya chini, ndiye aliyetoka na mtandio wake akanijibia. "Ni wao. Mtieni ndani, mvua yamnyea."

Ilikuwa miaka ya tisini, ule mwaka mvua iliponyesha mpaka ngazi zetu zikaota kuvu. Wachukuzi walimpandisha baba ngazi hizo kama wanavyopandisha kabati, huku wakilaumiana. Upande wake wa kulia wote ulikuwa umekufa, kuanzia bega hadi kidole cha mguu. Mkono wa kushoto ulitetemeka, hauwezi kufikisha kijiko mdomoni. Bandarini Kilindini kazi yake ilikuwa kumpigia ishara mwenye winchi: alisimama juu ya sitaha na kwa mkono wa kulia akaamrisha mizigo ishuke, isimame, ipande. Nyumbani mkono huohuo ulikuwa na kazi nyingine, nasi watatu tuliijua vizuri.

Mama aliporudi jioni alisimama mlangoni, akamtazama kwa muda, akavua viatu vilivyolowa. Kisha akaanza pambio. Mimi na mdogo wangu wa kike tulitazamana. Mama aliimba, akachemsha maji, akamvua baba nguo, akamwogesha mbele yetu, akimgeuza huku na huku, na hakuacha kuimba hata alipokuwa akimfuta mahali ambapo binti hapaswi kutazama. Baba alifumba macho wakati wote. Nilimchukia baba siku ile, hilo lilikuwa jambo la kawaida. Ila nilimchukia na mama, na hilo lilikuwa geni.

Lazima nieleze furaha ya mama, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Mama alikuwa ameokoka, na si wokovu wa Jumapili tu. Kanisa letu lilikutana katika darasa la shule ya msingi, tukakaa kwenye madawati magoti yakigusa kidevu, na mafundisho yake yalikuwa mafupi: furaha huiombi wala huingoji, unaichagua, kila asubuhi, kabla hujavaa viatu. Wengine walilisikia hilo, wakasema amina, wakaenda zao. Mama alilibeba mpaka nyumbani akalifanya sheria. Kabla ya chakula cha jioni, kila mmoja alitaja jambo moja analolifurahia mbele za Mungu. Lilipaswa kuwa la kweli na la siku ileile. Uhai haukukubaliwa, wala afya, wala la jana. Asiyesema hali.

Wala haukuwa mchezo. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilinuna siku mbili na nikalala njaa siku mbili, na mama akaimba huku akikifunika chakula changu. Mwenyewe hakujipendelea. Siku baba alipotuacha alikaa mbele ya sahani mpaka ugali ukapoa ukawa jiwe. Mwishowe akasema, "Nafurahi mbele za Bwana kwa kuwa leo sikupigwa." Akala.

Sasa baba amerudi, amelazwa pale sebuleni kwenye godoro lake, na chakula cha jioni kikaja. Mdogo wangu akasema anafurahi kwa kuwa mwalimu wa hesabu ameumwa hakuja. Mama akasema anafurahi kwa kuwa nyumba imejaa. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nafurahi mbele za Mungu kwa kuwa mkono wake uliokufa ni wa kulia." Mama alilipima neno langu. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa la siku ile. Akasema amina.

Kisha akamruka baba. Alichota chakula, akaenda kumlisha bila kumuuliza neno. Nilipolalamika alisema, "Mgonjwa hadaiwi, mwanangu." Mimi niliyelala njaa kwa kununa nilidaiwa. Yeye aliyetutupa hakudaiwa. Neno hilo lilinikaa rohoni likawa chungu kuliko kurudi kwake.

Lakini baba hakula. Alifumba mdomo, akasema kwa ulimi wake mzito, "Nimeshiba." Ikawa hivyo kila jioni. Kutoka kwa mama alipokea chai tu, asubuhi na jioni, tena kwa kugeuza uso ukutani. Mama alidhani anashiba mchana. Na ni kweli mchana alikula, kwa mkono wangu, mpaka punje ya mwisho. Mimi na yeye hatukusemezana. Tulikuwa tumeelewana: mimi simpendi, yeye ana njaa.

Maana mchana nilikuwa nyumbani sasa. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kujifunza kupiga taipu mjini, nianze Januari. Mama alikuwa akipiga pasi katika duka la dobi karibu na Marikiti, pasi ya makaa, kanzu baada ya kanzu, na hangeweza kuacha. Aliniambia, "Chuo kitangoja." Hakikungoja. Nafasi yangu alipewa mwingine, na siku niliyopata habari hiyo nilitakiwa niseme jambo la kufurahia. Nilisema mvua imekatika kwa saa moja.

Ramadhani iliingia na mvua haijakwisha. Nyumba ya chini ilinyamaza mchana, na harufu za jikoni zikahamia alasiri. Jumatatu moja ya mwezi huo nilipika wali na maharagwe ya nazi, nikampelekea baba, nikakaa kwenye kigoda kama kawaida. Alifungua mdomo. Nikakishikilia kijiko.

"Hapa kwetu," nikamwambia, "asiyesema hali. Taja jambo moja unalolifurahia mbele za Mungu. La leo."

Alinitazama, akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Nawe ushaokoka?"

"Taja."

"Lete chakula, we mtoto."

Nilingoja. Yeye pia alingoja, na katika kungoja alinishinda kwa miaka mingi, kwa hiyo niliinuka nikaondoka na sahani. Ngazini, nikishuka kwenda uani, nilijikuta nafurahi. Sitaficha. Kanisani tulikuwa tukiisaka furaha kwa makofi na matari mpaka jasho likatutoka, na hii ilinijia yenyewe, nikiwa nimebeba chakula cha mgonjwa. Nikawamwagia kuku wa bibi.

Jumanne nikafanya vilevile. Safari hii bibi mwenye nyumba alikuwa uani, akichambua mchele. Aliitazama sahani mkononi mwangu.

"Jana niliiona dirishani yarudi imejaa, na leo yarudi imejaa. Babako hali?"

Nikawakaribia kuku. Aliweka ungo chini. Kibokoni nzima ilijua kwamba baba alisilimu kule Majengo ili amwoe yule mwanamke, na bibi alikuwa amelichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko baba mwenyewe. Niliona kikimjia usoni, polepole, kitu kizuri.

"Yuwafunga?" akauliza.

Ningeweza kusema la. Neno fupi kuliko hilo halipo. Nilisema, "Ndiyo, bibi."

"Mashallah. Na maradhi yale!" Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikawamwagia kuku chakula mbele yake, naye akanitazama kwa huruma, binti wa mtu mwenye imani.

Siku hiyo jua lilipotua alipanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yale, akiwa na chano kilichofunikwa kawa. Mama alimpokea mlangoni. Walizungumza kwa sauti ya chini, bibi amemshika mama mkono, nami sikusikia. Mama alirudi na chano, akakiweka katikati yetu: tende tatu, bakuli la uji wa pilipili manga, sahani ya kaimati zinazong'aa kwa shira.

"Bibi ametuletea futari," akasema.

Alimtazama baba, baba akageukia ukuta. Mama hakumkaribisha. Nilidhani amechoka. Kaimati tulizila sisi, mimi na mdogo wangu, tukalamba vidole, na mama akasema anafurahi mbele za Bwana kwa kuwa jirani ametukumbuka. Futari ikaja tena Jumatano, na Alhamisi, na kila siku tukaila. Mdogo wangu, ambaye hakujua lolote, alisema anafurahi kwa kuwa Ramadhani ni ndefu.

Jumatano nilimlia baba chakula chake mbele yake. Nilikula taratibu, nikanyonya miiba ya samaki mmoja mmoja. Macho yake yalifuata mkono wangu kutoka sahani hadi mdomoni, kutoka mdomoni hadi sahani, kama zamani yalivyofuata mizigo kule Kilindini. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na mkono wa kushoto haukutetemeka tena, umelala tu juu ya shuka.

Alhamisi alijaribu. Alisema, "Nafurahi kwa kuwa mimi ni mzima."

"Uhai haukubaliwi," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Mama. Kwa miaka sita. Ulikuwa hupo."

Machozi yalitoka kwenye lile jicho lililolegea. Lakini jicho lile lilikuwa likitoa machozi wakati wote, kwa hiyo sikulihesabu. Nikainuka na sahani. Nafsini nilikuwa na jibu tayari kwa yeyote atakayeniuliza: ninamfundisha. Namtaka achague, kama sisi tulivyochagua. Mtu akikosa kuokoka kwa upendo, aokoke kwa njaa. Niliyaamini hayo, na ndiyo sehemu inayonitisha nikikumbuka. Ukatili ulikuwa wangu, ila maneno yote niliyapata kanisani.

Ijumaa mvua ilikatika. Adhuhuri wanaume walipita chini ya dirisha letu kwenda msikitini, kanzu zimenyooka, nyingi zimepita mikononi mwa mama. Nilimpikia baba uji mzito wa mchele kwa nazi, si kwa huruma. Sikuwa na kitu kingine. Nilikaa kwenye kigoda. Alikuwa amebadilika rangi, midomo ina magamba. Kwa mara ya kwanza niliogopa, na hofu ikanikasirisha zaidi.

"Taja," nikasema.

Alichukua muda kukusanya mate. "Nafurahi mbele za Mungu," akasema, na alitamka kila neno peke yake, "kwa kuwa anayenilisha ni wewe. Si mamako."

"Kwa nini?"

"Mamako kanisamehe. Aniimbia. Anigeuza, anifuta, aniimbia. Mkono wake ukinijia na chakula, koo lafunga. Siwezi kumeza." Alipumzika. "Wewe wanichukia. Kwako naweza kula."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa la siku ile, na kwa sheria ya nyumba yetu lilitosha. Hakuna popote mama aliposema kwamba furaha iwe nzuri. Nilichota uji, nikapuliza, nikampa. Alimeza kwa shida, akafungua mdomo tena. Alikula bakuli zima, na uji mwingine ulimwangukia kidevuni, nikamfuta kwa khanga yangu. Sikujisikia mwema. Nilijisikia nimeshikwa.

Jioni tulikaa mkekani. Mdogo wangu alisema lake. Nilipofikiwa sikuwa na uongo wowote uliobaki, nikasema, "Nafurahi mbele za Mungu kwa kuwa leo baba amekula."

Mdogo wangu akauliza, "Kwani jana hakula?"

Nilimtazama mama, mama alitazama sahani. Kutoka godoroni baba akasema, "Nilikuwa nakataa mimi. Hana kosa huyu."

Katika maisha yangu nilikuwa nimemsikia baba akisema uongo mwingi sana, kuhusu mshahara, kuhusu alikolala, kuhusu jino la mama lilivyong'oka. Wote ulikuwa wa kumwokoa yeye. Huu ulikuwa wa kuniokoa mimi, nami nilikuwa nimemnyima chakula siku nne. Mama akasema amina. Tukala.

Baadaye kidogo tulishuka uani kuosha vyombo, mimi na mama. Alisugua sufuria kwa majivu bila kuinua kichwa.

"Babako amesema uongo," akasema.

"Ndiyo." Nikaona bora nimalize. Nikamweleza yote: kijiko, kuku, kwamba nilimdanganya bibi. Nikamweleza na alichosema baba, kwamba hawezi kumeza mbele yake kwa kuwa amemsamehe. Nilidhani atanipiga, au ataomba, na sikujua lipi ni baya zaidi.

"Najua," alisema. "Si hilo la kumeza. Lile jingine. Bibi aliniambia Jumanne. Alinishika mkono akaniambia, mwambie mumeo, mgonjwa hafungi, Mwenyezi Mungu hamtaki hilo. Nikamwambia nitamwambia." Akageuza sufuria. "Sikumwambia, maana nilijua hafungi. Nilijua chakula nakiacha kwa nani."

"Mbona hukunikataza?"

Alisugua kwa muda mrefu mahali ambapo palikuwa pameshang'aa.

"Jumatano niliamka nikaitafuta furaha, kama kila siku. Nikaikuta imeshafika. Sikuichagua mimi. Nikapiga pasi kanzu kutwa nikiimba, mpaka mwenye duka akaniambia leo mama umepewa nini. Na nilijua naimbia nini."

"Nini, mama?"

"Kwamba yuwafa," akasema. "Na mkono si wangu."

Sikuwahi kumwogopa mama kabla ya siku ile. Tulikuwa tumechuchumaa karibu hata magoti yetu yaligusana, na nilimwona usoni kitu nilichokijua kwa sababu nilikuwa nacho mwenyewe tangu Jumatatu. Nilitaka aseme ni shetani. Mlango wa kutokea wa namna hiyo tulikuwa nao kanisani, mpana, na watu walipita kila Jumapili. Mama hakupita hapo. Alisuuza sufuria, akaifudikiza, akasema, "Siku tatu, mwanangu. Mimi," kisha akajikuna kifua kwa mkono wenye majivu, na hakumalizia.

Asubuhi yake, Jumamosi, hakwenda kazini mapema. Alipika uji, akaumimina bakulini, akakaa kwenye kigoda changu. Nilisimama mlangoni. Baba alipoona ni yeye, alifumba mdomo akageuzia uso ukutani.

"Nitazame," mama akasema.

Hakugeuka.

"Nilijua hupewi chakula. Nilijua tangu Jumanne, nikanyamaza. Sijakusamehe. Nilidhani nimekusamehe, kumbe nilikuwa naimba tu." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Kesho nitajaribu, na kesho kutwa. Leo bado. Fungua mdomo."

Baba alimgeukia. Alimtazama mama kwa jicho lake zima, kwa muda, kama mtu anayehakikisha. Kisha akafungua mdomo. Alikula kutoka mkononi mwake kwa mara ya kwanza tangu mkokoteni ule, kijiko baada ya kijiko, wakitazamana kama watu wanaodaiana. Bakuli lilipofika nusu mama alianza pambio, bila makofi, kwa sauti ya mtu anayeanza kazi nzito asubuhi. Ilimkatika mara mbili. Ya tatu nikaitikia.